Bitcoin ya Elfu Moja: Je, Sarafu ya Kidijitali Ipimwe kwa Kipimo Kidogo?

Mkulima wa Nkwenda anapouliza bei ya kahawa hujibiwa kwa kilo ya maganda. Mnada wa Moshi hutaja bei kwa dola kwa kila kilo 50 za kahawa safi. Soko la London hutaja robusta kwa dola kwa tani, na New York hutaja arabika kwa senti za dola kwa ratili. Zao ni lile lile linaloanikwa uani, lakini lina bei nne ambazo kwa macho hazifanani hata kidogo. Wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa wamelizoea jambo hilo, na wapo wanaoweza kuitoa bei London na kuifikisha Kayanga kwa hesabu ya kichwa kabla chai haijapoa.

Ipo bidhaa nyingine ambayo imeingia katika mazungumzo yao miaka ya karibuni, hasa pale malipo ya kahawa yanapoacha fedha mikononi mwa watu. Bidhaa hiyo ni bitcoin, na bei yake hutajwa karibu kila mahali kwa kipande kizima. Desemba 2024 kipande kimoja kilivuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza. Kwa mtu wa Omurushaka mwenye Sh. 50,000 za ziada, hiyo si bei bali ni habari ya redioni. Anasikia, anatikisa kichwa, anaendelea na shughuli zake. Au anafanya jambo la hatari zaidi: anatafuta sarafu nyingine ya kidijitali ambayo anaambiwa ni "rahisi", inayouzwa kwa sehemu ndogo ya senti, kwa kuwa humo anaweza kupata "nyingi".

Ndiyo maana kwa miaka kadhaa wataalamu wa sarafu hizo wamekuwa wakibishana kama bitcoin itajwe kwa kipimo kidogo kinachomfaa mtu wa kawaida. Ubishi huo unaonekana kuwa wa watu wa kompyuta. Kwa kweli ni ubishi wa sokoni, na wakazi wa wilaya hizi mbili wana uzoefu nao kuliko wataalamu wenyewe.

Kipande kimoja, sehemu milioni mia

Bitcoin ilianza Januari 2009. Kipande kimoja hugawanyika katika sehemu milioni 100, na sehemu moja huitwa satoshi, kutokana na Satoshi Nakamoto, jina alilolitumia mtungaji wake. Vipande vyote vitakavyopata kuwepo havitazidi milioni 21. Hakuna anayelazimika kununua kipande kizima, kama ambavyo hakuna anayelazimika kununua tani ya sukari.

Kipimo cha bitcoin kilipowekwa hakikuwa kikubwa. Tarehe 22 Mei 2010, huko Marekani, Laszlo Hanyecz alilipa bitcoin 10,000 kwa piza mbili. Wakati huo kipande kimoja kilikuwa chini ya senti moja ya dola, na mtu aliyetaka kipimo kidogo zaidi angechekwa. Kipimo kimebaki pale pale. Bei ndiyo iliyokikimbia.

Mapendekezo ya kukirekebisha yamekuwa mengi. Mwaka 2017 Jimmy Song alipendekeza rasmi kipimo kiitwacho biti, ambacho ni satoshi 100, hivyo kipande kimoja kiwe biti milioni moja. Wengine walisema satoshi yenyewe inatosha. Mwaka 2025 John Carvalho alikwenda mbali zaidi: alipendekeza jina satoshi liachwe na ile sehemu ndogo kabisa ndiyo iitwe bitcoin. Pendekezo hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Ni sawa na kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu debe litaitwa gunia. Mkataba ulioandikwa Jumapili utasomwa vipi Jumanne? Mtu aliyeahidiwa "bitcoin moja" na mwenzake wa Kampala atakuwa ameahidiwa nyumba au kijiti cha kiberiti? Jina la kipimo likishakaa midomoni mwa watu haliguswi bila ugomvi.

Hesabu ya mfano itasaidia. Tarakimu hizi zimechaguliwa kwa urahisi wa kugawanya, wala si bei ya wiki hii. Tuseme kipande kimoja cha bitcoin ni dola 100,000 na dola moja ni Sh. 2,500. Kipande kizima kitakuwa Sh. milioni 250. Biti moja itakuwa Sh. 250. Satoshi moja itakuwa Sh. 2.50. Mwenye Sh. 1,000 atapata satoshi 400, na mwenye Sh. 50,000 atapata satoshi 20,000. Bei ile iliyokuwa habari ya redioni imerudi kuwa bei ya dukani, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali pa nukta.

Kwa hiyo hoja ya kipimo kidogo ina nguvu, na anayeipinga kwa kusema "ni hesabu tu, kila mtu agawanye mwenyewe" hajawahi kusimama nyuma ya kaunta.

"Nipe ya mia tano"

Mwenye duka wa Kayanga au Isingiro alilitatua tatizo hili zamani. Mteja wake hasemi "nipe mililita kadhaa za mafuta ya kula". Anasema "nipe ya mia tano". Sukari ni ya elfu moja, kitunguu ni cha mia mbili. Mteja anatangulia kutaja fedha aliyo nayo, na kipimo ndicho kinachofuata. Bidhaa iwe ghali namna gani, ukiitaja hivyo haimtishi mtu, kwa sababu mlango wa kuingilia ni mfuko wake mwenyewe.

Lakini njia hiyo ina kasoro, na kila mama anayenunua nyanya anaijua. Fungu la nyanya huuzwa Sh. 1,000 wakati wa neema na huuzwa Sh. 1,000 wakati wa uhaba. Bei haibadiliki, fungu ndilo linalopungua, kwanza nyanya moja, kisha mbili, kisha zile zilizobaki zinakuwa ndogo. Bei inapanda huku ikionekana imesimama. Mteja makini hahesabu noti yake, huhesabu nyanya.

Dawa ya kasoro hiyo ipo kwenye kituo cha mafuta. Dereva wa bodaboda anasema "weka ya elfu tano" kwa lugha ile ile ya dukani, lakini mashine inamwonyesha mambo matatu kwa pamoja: fedha aliyotoa, lita alizopata, na bei ya lita moja. Isitoshe, EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya, Karagwe na Kyerwa zikiwemo, hivyo tarakimu ya tatu anaweza kuilinganisha na tangazo. Dereva huyo huyo akiishiwa mafuta njiani na kununua yaliyo katika chupa ya maji kando ya barabara, tarakimu mbili zinatoweka. Anabaki na moja tu, yaani fedha aliyotoa.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la bitcoin. Kipimo kidogo kinafaa, lakini kinafaa kikiwa pampu. Kikiwa chupa hakifai. Muuzaji anayesema "satoshi 400 kwa elfu moja" huku akionyesha pia bei ya kipande kizima sokoni kwa saa hiyo, amerahisisha biashara. Muuzaji anayesema "satoshi 380 kwa elfu moja" na kunyamaza, anauza fungu la nyanya.

Udogo wa bei na wingi wa mali

Udogo wa kipimo una mtego wa pili, nao umewanasa watu wengi zaidi. Mtu akiona tarakimu ndogo hudhani mali ni rahisi. Akiona amepata vipande vingi hudhani amepata mali nyingi.

Mfano wa karibu uliofahamika sana ni wa Kenya. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za Safaricom, ambazo ni robo ya hisa zote bilioni 40. Bei ilikuwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa, na maombi yalizidi hisa zilizotolewa kwa mara kadhaa. Watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo. Shilingi 5 ilikuwa bei rafiki kweli kweli, tarakimu ambayo hata mtoto anaielewa. Ila swali lililopaswa kuulizwa halikuwa kama shilingi 5 ni kidogo. Lilikuwa kama kampuni nzima inastahili shilingi 5 mara bilioni 40, yaani shilingi bilioni 200. Mwaka 2009 hisa hizo zilishuka chini ya shilingi 3, na waliokuwa wamekopa wakaona cha moto. Baadaye zilipanda, na mwaka 2021 zilipita shilingi 40, hivyo mwenye subira alifaidi. Kampuni haikuwa mbaya. Bei ya shilingi 5 tu haikumwambia mnunuzi chochote kuhusu ubora wake.

Katika sarafu za kidijitali mtego huo umetegwa kwa makusudi. Shiba Inu ilianzishwa Agosti 2020 ikiwa na vipande trilioni 1,000. Mwaka 2021 Vitalik Buterin, ambaye waanzilishi walimpelekea nusu ya vipande vyote bila kuombwa, aliviteketeza zaidi ya trilioni 400, na vikabaki takriban trilioni 589. Bei ya kipande kimoja ni ndogo kiasi kwamba huandikwa kwa sifuri kadhaa baada ya nukta. Mtu wa Sh. 50,000 hupata vipande kwa mamilioni, na anajiona tajiri papo hapo. Kisha anapiga hesabu ya ndoto: "Kikifika shilingi moja tu, nimetoka."

Hesabu hiyo ikamilishwe basi. Vipande trilioni 589 vikiwa shilingi moja kila kimoja, mali yote itakuwa Sh. trilioni 589. Bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania kwa mwaka 2025/26 ni Sh. trilioni 56.49. Anayesubiri shilingi moja anasubiri sarafu iliyopewa jina la mbwa ithaminiwe zaidi ya mara 10 ya bajeti ya nchi yenye shule, hospitali, reli na majeshi. Haikatazwi kusubiri. Ila "shilingi moja tu" si ombi dogo kama linavyosikika.

Wilaya hizi zinayo historia ya jambo hilo hilo. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipopita Tabora na kufika Karagwe, ambako John Hanning Speke alipokewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861, kauri ilikuwa moja ya bidhaa zilizobebwa, na kaskazini zaidi, Buganda, ilikuwa fedha kamili. Waganda huita fedha ensimbi hadi leo, na neno hilo ni jina la kauri. Kauri ilikuwa fedha rafiki kupita zote: ndogo, haiozi, haigawanyiki vibaya, na mama aliweza kununulia hata chumvi ya chakula cha jioni. Kosa lake lilikuwa baharini. Kadiri njia zilivyofunguka, kauri ziliongezeka, na mwisho wa karne hiyo bei ya ng'ombe mmoja Buganda ilihesabiwa kwa maelfu ya kauri. Afrika Magharibi hali ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg yalisomba kauri za mwambao wa Zanzibar kwa shehena za meli na kuzimwaga huko, hadi gharama ya kuzihesabu na kuzibeba ikakaribia thamani yake. Kila kauri ilibaki nzuri kama jana. Zilizidi tu.

Bitcoin, kwa kikomo chake cha milioni 21, haina bahari ya namna hiyo. Ukiigawa kwa satoshi unapata satoshi trilioni 2,100, na idadi hiyo nayo ina kikomo. Hapo ndipo inapotofautiana na sarafu ambazo mwanzilishi anaweza kuzichapa kwa kubonyeza kitufe. Kukata keki vipande vidogo hakumpunguzii mtu chochote. Kuoka keki nyingine usiku, bila kumwambia, ndiko kunakompunguzia. Kwa mtu anayetazama bei ya kipande peke yake, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Sifuri haziibi, makato huiba

Upo pia upande wa pili wa jambo hili, kwani badala ya kukata kipimo nchi nyingine hukikuza. Wakazi wa Murongo wana majirani ng'ambo ya Kagera waliolipitia. Mei 1987 Uganda ilibadili fedha, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Kuondoa sifuri mbili hakukumdhuru mtu yeyote, kwa sababu bei, mishahara na madeni yote yaliondolewa sifuri zile zile. Kilichouma ni kodi ya asilimia 30 iliyokatwa wakati wa kubadilisha. Zambia iliondoa sifuri tatu Januari 2013 bila kodi ya namna hiyo, na maisha yakaendelea.

Mfano huo unafundisha mahali pa kutazama. Kipimo kikibadilika, kiwe kidogo au kikubwa, macho yote huenda kwenye sifuri. Anayetaka kula hula pembeni, kwenye makato.

Mkulima wa kahawa analijua hili vizuri. Bei ya mnada husomwa kwa sauti. Makato husomwa haraka. Tuseme makato fulani ni Sh. 60 kwa kilo. Sh. 60 ni nini? Haitoshi hata andazi. Lakini mwenye magunia 20 ya kilo 60 ana kilo 1,200, na Sh. 60 zake ni Sh. 72,000. Makato mengine ni ya haki, kwani chama cha msingi kina ghala, mizani na karani wa kumlipa, na KDCU ina usafirishaji na ukoboaji. Jambo la msingi ni kwamba ukubwa wa makato hauonekani katika kilo moja. Huonekana katika mzigo wote.

Hesabu hiyo hiyo ipelekwe kwenye satoshi. Wengi wanaonunua sarafu za kidijitali hapa nchini hununua kwa mtu binafsi, wakilipa kwa fedha za simu. Tuseme muuzaji anauza satoshi kwa Sh. 2.60 na kuinunua tena kwa Sh. 2.40. Tofauti ni senti 20. Hakuna mtu katika Kagera nzima anayeweza kununua chochote kwa senti 20. Sarafu yake haipo tena mifukoni. Mkulima aliyebakiwa na Sh. 500,000 baada ya msimu ananunua satoshi 192,307 kwa bei ya Sh. 2.60. Wiki hiyo hiyo mtoto anaugua, anaziuza zote kwa Sh. 2.40, anapata Sh. 461,536. Zaidi ya Sh. 38,000 zimekwenda, na soko la dunia halikusogea hata kidogo. Hapo makato ya kutuma na kutoa fedha kwa wakala hayajaguswa.

Muuzaji huyo angetaja bei kwa kipande kizima, angelazimika kusema anauza kwa Sh. milioni 260 na ananunua kwa Sh. milioni 240. Mwanya wa milioni 20 ungemshtua kila mtu. Hapa, kwa mara moja, kipimo kikubwa ndicho rafiki wa mnunuzi. Njia nyepesi ni kuuliza tofauti kwa mia: kati ya kila Sh. 100 ninayotoa leo, ukinirudishia leo hii, utanirudishia ngapi? Katika mfano huu jibu ni Sh. 92 na senti. Anayekataa kujibu swali hilo ameshalijibu.

Debe la nani?

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa katika msimu wa 1994/95, vita vya mkulima vimekuwa zaidi vya kipimo kuliko vya bei. Katika butura, mlanguzi hulipa kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, na mara nyingi makubaliano ni ya debe au gunia, si ya kilo. Debe la nani? Lililojazwa hadi ukingoni, au lenye kilemba? Lumbesa ni ndugu wa hilo: gunia linaloshonewa kofia juu, likauzwa kwa bei ya gunia. Serikali imezipiga marufuku butura na lumbesa mara nyingi, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani, kwa sababu bei nzuri kwa kipimo kibovu ni bei mbovu.

Katika jambo hili bitcoin inastahili sifa. Satoshi haina lumbesa. Mtandao wake huhesabu hadi sehemu ya mwisho, na hesabu hiyo inaweza kukaguliwa na yeyote mwenye kompyuta, awe Kaisho au Tokyo. Udanganyifu hautokei kwenye kipimo chenyewe, hutokea kwa anayekishika. Mtu anaweza kuonyeshwa kwenye simu kwamba ana satoshi 20,000, kumbe ile ni picha ya tarakimu iliyochorwa na mwenye programu, na nyuma yake hakuna kitu. Tarakimu kubwa zinazopanda kila asubuhi hupendeza, na ni rahisi sana kuzichora. Kampuni ya DECI, iliyoanguka mwaka 2009, haikuhitaji hata kompyuta. Fedha ya mwanachama ilipewa jina la mbegu, mwanachama akaambiwa amepanda na atavuna. Jina rafiki la kipimo liliwalegeza watu wanaojua kilimo kuliko wale waliowadanganya.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia ukubwa wa kipimo, mnunuzi hufanya jaribio ambalo kila mnunuzi wa maharage hulifanya kwa kuzamisha mkono hadi chini ya gunia. Anunue kidogo, azitoe satoshi kutoka kwa muuzaji hadi kwenye pochi ya kidijitali ambayo funguo zake anazishika mwenyewe, kisha aziuze na kupokea shilingi mkononi. Zikikwama katika hatua yoyote kati ya hizo, hasara yake ni ndogo. Ada ya kusafirisha bitcoin kwenye mtandao wake nayo atakuwa ameiona, na ataelewa kwa nini kutuma za Sh. 1,000 wakati mwingine ni sawa na kukodi lori kwa mkungu mmoja wa ndizi.

Bei itajwe kwa fedha gani

Sheria nayo ina neno. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizo hazitambuliwi na sheria za nchi na kwamba fedha halali ni shilingi ya Tanzania. Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu za kidijitali. Kujiandaa si kuruhusu, na wafanyabiashara wanaosema "Mama amesharuhusu" wamesikia nusu ya hotuba. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutaja bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba ya wageni wa Kayanga hataji chumba kwa dola, sembuse kwa satoshi. Kanuni hiyo inalingana na busara ya duka: shilingi ndiyo fedha ya mfukoni, na bei yoyote isiyoanzia hapo humlazimisha mteja kutafsiri huku akiwa na haraka.

Kwa wanaofuatilia kahawa, tafsiri yenyewe ni hii, kwa tarakimu za mfano. London ikisema dola 4,000 kwa tani ya robusta, hiyo ni dola 4 kwa kilo ya kahawa safi, au Sh. 10,000 kwa dola ya Sh. 2,500. Kilo moja ya maganda hutoa takriban nusu kilo ya kahawa safi, hivyo thamani yake huko ni karibu Sh. 5,000 kabla ya ukoboaji, usafiri, tozo na faida ya mnunuzi. Mwanzoni mwa 2025 London ilivuka dola 5,000. New York ikisema senti 300 kwa ratili ya arabika, ratili ni gramu 454 hivi, na kilo ya kahawa safi ni kama Sh. 16,500. Mkulima akiyaweza hayo, satoshi haimshindi.

Kwa upande wa satoshi kuna tarakimu moja zaidi ya kuingiza. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa au anayewezesha uhamisho huo. Kwa anayeuza satoshi zake kwa Sh. 500,000 kupitia jukwaa la namna hiyo, kodi ni Sh. 15,000. Kwa satoshi moja ya Sh. 2.50, ni senti saba na nusu.